Lalamiko likifika maktabani: jinsi ninavyolinda riwaya za vijana shuleni

Nionavyo mimi, riwaya ya vijana haipigwi marufuku kwa barua katika shule zetu za Nairobi. Mtu huichukua rafuni, akaifungia katika kabati la ofisi, na vitabu vinapohesabiwa mwishoni mwa mwaka inaandikwa "imepotea". Kwa hivyo kazi yangu kubwa kama mkutubi imekuwa kuhakikisha kwamba hakuna kitabu kinachoondoka bila karatasi yenye sababu na sahihi.

Msingi ni sera ya kurasa mbili iliyopitishwa na bodi ya usimamizi na kutiwa sahihi na mwenyekiti. Inasema nani anachagua vitabu, kwa vigezo gani, nani anapokea lalamiko na nani anaamua. Iandikwe mapema. Ikiandikwa mzozo ukiwa umeshawaka, kila sentensi yake itasomwa kama utetezi wa kitabu kimoja.

Hoja ya kwanza utakayoisikia ni kwamba kitabu hakimo katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali ya ukuzaji mitaala. Orodha hiyo inatokana na vitabu ambavyo wachapishaji wenyewe waliviwasilisha vikaguliwe kwa ajili ya mtaala. Riwaya ambayo haikuwasilishwa haitakuwemo, na hilo halimaanishi kwamba ilikataliwa. Hata hivyo sichanganyi hesabu: vitabu vya kujisomea vina rejista yake, na vinanunuliwa kwa michango ya wazazi au vinatoka kwa wahisani. Pesa za serikali ninaziacha kwa vitabu vya kiada na ziada, ili mkaguzi asipate la kuuliza.

Kila riwaya mpya husomwa yote kabla ya kupigwa muhuri. Anayeisoma hujaza karatasi ya nusu ukurasa: muhtasari wa mistari mitano, mambo mazito yaliyomo pamoja na kurasa zake, yanayompata mhusika mwishoni, na kidato kinachofaa. Karatasi hiyo inakaa kwenye faili langu. Sibandiki alama ya onyo kwenye jalada, kwa sababu inamwaibisha anayekibeba kitabu na kumwelekeza mlalamikaji mahali pa kuanzia. Kabati la "vitabu vya kuombwa" nalo silitaki kabisa. Msichana anayetafuta hadithi ya mimba za utotoni hatasimama mbele ya foleni kuiomba. Kwa sababu hiyohiyo daftari la kuazima halikai wazi mezani. Kadi ya kitabu inaandikwa nambari ya mwanafunzi badala ya jina, na hufutwa kitabu kikirudi.

Fomu ya lalamiko ina maswali manne. Umekisoma kitabu chote? Ni kurasa zipi zinazokusumbua? Unahofia zitamfanyia nini mwanafunzi? Unataka tufanye nini? Wazo hili limetoka kwa wakutubi wa Marekani, ambako PEN America, shirika linalotetea uhuru wa waandishi, lilirekodi visa 10,046 vya kuondolewa au kuzuiwa kwa vitabu shuleni katika mwaka wa masomo wa 2023–2024. Fomu haikuwaokoa na wimbi hilo, lakini inamlazimu mlalamikaji kutaja jambo linalosomeka, na mara nyingi mazungumzo yanapoa hapo hapo.

Mwalimu mkuu anapokea fomu ila haamui peke yake. Kamati ina watu watano: mkutubi, mwalimu wa lugha, mwalimu wa ushauri nasaha, mwakilishi wa wazazi na mwakilishi wa wanafunzi. Wana siku 21, na muda wote huo kitabu kinabaki rafuni. Kipengele hiki ndicho kinachopingwa zaidi, nami siwezi kukiachilia: kitabu kikitolewa "kwa muda", hakuna tena mwenye haraka ya kukisoma. Kinachochelewesha kamati hasa ni nakala. Nakala moja haiwatoshi watu watano, kwa hiyo naanza kutafuta nyingine siku ileile fomu inapofika, katika maktaba za umma au kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini. Uamuzi uwe mmoja kati ya mitatu: kibaki, kihamie rafu ya kidato cha tatu na nne, au kiondolewe. Sababu inaandikwa, na kitabu hichohicho hakijadiliwi tena kabla ya miaka miwili. Mzazi anayetaka kumzuilia mwanawe ana haki hiyo kwa maandishi. Watoto wa wenzake hawamhusu.

Katika kikao, hoja ya uhuru pekee haitoshi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo, lakini kifungu cha 53 kinatanguliza maslahi ya mtoto, na wazazi wana haki ya kutuuliza kuhusu hilo. Hapo ndipo ninaposoma ile karatasi ya nusu ukurasa. Pia nawakumbusha kwamba Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, inasimulia kubakwa kwa Lime na Mwanaheri, na wanafunzi wetu waliisoma darasani wakiongozwa na mwalimu. Ukatili kuwepo kitabuni si kosa. Tunaangalia umesimuliwa kwa ajili gani. Shule ikiwa na kanisa mfadhili, kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili nafasi ya kutoa mapendekezo kuhusu vitabu. Hayo ni mapendekezo, na yanapita kwenye fomu ileile.

Hatari kubwa siku hizi ni picha ya ukurasa mmoja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nikiiona, natuma ukurasa uliotangulia, unaofuata, na fomu. Sibishani humo.

Kupaka wino mweusi au kung'oa ukurasa hakuruhusiwi hata kama kamati imegawanyika, maana msomaji hujaza pengo kwa jambo baya kuliko lililoandikwa.

Mwezi wa Novemba, wakati wa kuhesabu, rejista yangu ina safu tatu: kimepotea, kimechakaa, kimeondolewa. Safu ya tatu haijazwi bila nambari ya uamuzi wa kamati. Kitabu kilichopotea mikononi mwa mwanafunzi kina kadi yenye nambari. Kisicho na kadi wala uamuzi naenda kukiulizia ofisini, na nikikipata nakirudisha rafuni siku hiyohiyo.