Karatasi ndogo kuliko ukucha

Hii ilikuwa 2017, tuko wawili kwenye bedsita huko Roysambu, mimi na rumeti wangu wa kampasi aliyekuwa anasoma kemia. Jumamosi moja akaja na vijikaratasi viwili kwenye foili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Asidi, yaani LSD, dawa ya kulevya inayokufanya uone na usikie vitu ambavyo haviko. Kabla niweke changu kwa ulimi akanipigia stori ya yule mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, vile 1943 alikunywa mikrogramu 250 akidhani ni kadoogo, akakimbilia nyumbani na baiskeli, na jirani alipomletea maziwa, Hofmann akamwona kama mchawi. Tulicheka mpaka basi.

Dakika 40, hakuna kitu. Nikasema tumeuziwa daftari, nikamega nusu ya chake pia. Hapo ndio niliharibu, manake hii kitu haina haraka ya kupanda na ikishapanda utakaa nayo masaa 8 mpaka 12, upende usipende.

Mwanzo ulikuwa poa. Pazia letu la Gikomba lilikuwa na maua, yakaanza kupumua, nikayaangalia tu nikitabasamu kama fala. Halafu mlango ukagongwa, mama wa mlango wa pili, "Vijana, hamna chumvi kidogo?" na uso wake ukaanza kuteremka kama uji kwenye mwiko. Nilimfungia mlango usoni, mama wa watu, nikaingia chini ya meza. Huko nje kwa Thika Road makanga wanaita Githurai, Githurai, lakini mimi nilikuwa nasikia jina langu, la ubatizo kabisa, lile hakuna mtu huniita. Rumeti alikaa sakafuni usiku mzima amenishika kifundo cha mguu, ananiambia ni dawa tu, itaisha.

Ikaisha asubuhi, ama nilidhani. Wiki tatu baadaye taa za magari bado zilikuwa na mikia, usingizi hakuna, bangi niliyovuta nilale ikazidisha, na siku moja nikashuka matatu Muthaiga kabla ya stej yangu kwa sababu nilikuwa na hakika watu wa nyuma wananiongelea.

Daktari hakunigombeza, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akasema wengi inawapita kwa siku moja, shida ni kama kwa familia kuna ugonjwa wa akili, hasa skizofrenia, ambayo mara nyingi hujitokeza kwa vijana wa umri wangu na dawa kama hii inaweza kuifungulia mlango. Akauliza, kwenu yuko? Nikasema hapana. "Una hakika? Hebu pigia mama."

Nikatoka kwa korido nikapiga. Mama alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama kredo imeisha.

"Mjomba wako," akasema.

"Si alikufa na malaria?"

"Tuliwaambia hivyo mkiwa watoto. Alikuwa analazwa Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, anatoka, anarudi." Nikasikia akivuta kiti. "Ilianza akiwa fomu sita. Alikuwa anasema redio inamtaja jina."

Sikujibu. Nesi alipita na troli.

"Baba," mama akasema polepole, "kwani wewe unasikia nini?"