Nilivyochagua friji na mashine ya kufulia kwa kusoma lebo ya umeme

Kama unataka kununua friji, tivii au mashine ya kufulia na unaiona ile stika mbele yake ina manamba, rangi na mishale na hujui uanzie wapi, nakuandikia wewe, maana mimi nimepita hiyo njia juzi juzi tu na imenisaidia kweli kweli, yuniti zimepungua na sikununua kitu cha ajabu wala cha bei ya kutisha.

Kwanza tuelewane, ile stika sio tangazo la kampuni, kwenye nchi nyingi ni sheria. Marekani walianza zamani sana, mafuta yalipopanda bei miaka ya 70 wakatunga sheria ya nishati mwaka 1975 ikaagiza tume yao ya biashara, ile FTC, iweke kanuni za lebo, na kuanzia 1980 vifaa vikawa vinauzwa na karatasi ya njano inaitwa EnergyGuide. Muuzaji haruhusiwi kuibandua kabla mteja hajanunua. Ulaya wakaja na agizo lao 1992, herufi A mpaka G, A ndio bora, na mishale kutoka kijani mpaka nyekundu. Australia wana nyota, India nyota, Kenya nao wana kanuni za 2016 za nyota. Sasa mimi nilikuwa naangalia vitu vipya na vilivyotumika, vya dukani na vya mtandaoni, kwa hiyo nikakutana na lebo za kila aina, na kila moja inaongea kivyake.

Nilichofanya ni hiki: nikaamua kutafuta namba moja tu kwenye kila lebo, yuniti kwa mwaka. Imeandikwa kWh, na kWh moja ndio yuniti moja ile ile unayolipia. Nyota, herufi, pesa, vyote nikaviweka pembeni kwanza.

Kwa nini sio pesa? Lebo ya Marekani inakuandikia gharama ya mwaka kwa dola, tena kwa maandishi makubwa, kanuni zilipobadilishwa 2007 gharama ndio ikawekwa mbele ya kila kitu. Na ni wazo zuri mno, natamani kila nchi ingefanya hivyo, maana mtu wa kawaida anaelewa pesa haraka kuliko kWh. Ila soma maandishi madogo chini, pale wanakwambia hesabu imetumia wastani wa bei ya umeme wa nchi nzima ya kwao. Hiyo bei sio yako. Hata mtu wa huko huko anaweza kuwa analipa zaidi au pungufu, sembuse wewe uliye kwingine kabisa. Kwa hiyo chukua kWh, zidisha kwa bei yako.

Na bei yako unaipataje? Mimi nilichukua risiti zangu za umeme nikagawanya nilicholipa kwa yuniti nilizopata, kodi na makato humo humo. Ila kabla ya kugawanya nilitoa yale makato ambayo hayabadiliki, kama unayo kwenye bili yako, kwa sababu hayo utalipa hata friji ikizimwa mwaka mzima, hayahusiani na friji. Kinachobaki ukikigawanya kwa yuniti ndio bei ya kweli ya yuniti moja zaidi. Na kama kwenu bei inapanda ukivuka kiwango fulani tumia ile bei ya juu, kwa sababu yuniti utakazookoa ndio zile za mwisho.

Basi nikaweka friji mbili kwenye karatasi. Moja lebo inasema yuniti 420 kwa mwaka, nyingine 260. Tofauti 160 kila mwaka, na friji hukai nayo mwaka mmoja, weka miaka 10, ni yuniti 1,600. Nikazidisha kwa bei yangu nikalinganisha na ile hela ya ziada wanayotaka kwa friji ya pili. Ikawa wazi kabisa ile ya bei juu ndio rahisi. Hesabu yenyewe haizidi dakika mbili lakini naona watu wanabishana wee kuhusu rangi na droo za mboga na hakuna anayeifanya!

Sasa kwenye herufi hapo ndio pana mtego mkubwa. Herufi inalinganisha friji na friji za ukubwa wake. Friji kubwa ya milango miwili inaweza kuwa na herufi nzuri kuliko friji ndogo na bado ikala umeme mwingi kuliko hiyo ndogo, na sheria haijavunjwa hapo. Muuzaji mmoja alinivuta kabisa kwenye kubwa, "kaka hii ni C, ile uliyoishika ni E, utaumia na umeme." Nikamuonyesha kWh za zote mbili, ile E ilikuwa chini. Akanyamaza kidogo kisha akasema "lakini hii ina nafasi," na hapo alikuwa sahihi, ina nafasi, ila nafasi nisiyoihitaji nitaipoza bure miaka yote.

Mtego mwingine ni lebo za zamani. Ulaya walikuwa wameongeza A+, A++ mpaka A+++, ikafika mahali karibu kila kitu ni A fulani na lebo haisaidii tena. Tarehe 1 Machi 2021 wakarudisha A mpaka G kwa friji, mashine za kufulia, za kuoshea vyombo na tivii, na A wakaiacha karibu tupu makusudi ili watengenezaji wawe na pa kupanda. Kwa hiyo friji iliyokuwa A+++ unaweza kuikuta leo iko C au D na haijabadilika hata skrubu moja. Ukiwa unanunua iliyotumika na mtu anakwambia "ni A plasi plasi hiyo," muulize lebo ya mwaka gani. Hizi mpya zina msimbo wa QR wa kuskani kwa simu, inakupeleka kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya inayoitwa EPREL, unaiona modeli yenyewe na namba zake. Hii niliipenda sana. Duka moja nilikuta namba ya modeli kwenye stika hailingani na ile ya kibati cha ndani ya friji, nikauliza nikaambiwa "ni zile zile tu." Nikaondoka. Inaweza kuwa kweli ni zile zile, lakini mimi nanunua namba, na namba ile sio ya lile friji.

Ile alama ya Energy Star usiichanganye na lebo ya lazima. Hiyo ni ya hiari, ilianza 1992 Marekani, inakwambia kifaa kimefikia kiwango fulani basi.

Kwenye mashine ya kufulia mambo yanabadilika kidogo kwa sababu lebo mpya ya Ulaya haisemi kwa mwaka, inasema kWh kwa mafuo 100, kwenye ile programu ya eko, yaani ya kubana matumizi. Mimi naona hii ni bora maana kila nyumba inafua kivyake. Ikisema 50 kwa mafuo 100 ni nusu yuniti kila fuo, sisi tunafua kama mara nne kwa wiki, hiyo ni karibu yuniti 104 kwa mwaka. Ila ukifua kwa maji ya moto sana sahau hiyo namba, kazi kubwa ya umeme pale ni kuchemsha maji, sio kuzungusha ngoma. Tivii nayo lebo ya Ulaya inahesabu kwa saa 1,000, na kuna namba mbili, ya picha ya kawaida na ya HDR, ile picha yenye mwanga na rangi kali zaidi, ambayo mara nyingi iko juu. Ya Marekani inachukulia unaangalia saa 5 kwa siku. Nyumbani kwetu tivii inawaka kama saa 4, ambayo ni saa 1,460 kwa mwaka, kwa hiyo tivii ya yuniti 60 kwa saa 1,000 itakula karibu yuniti 88. Ukishajua lebo imekudhania unatumia kiasi gani unairekebisha mwenyewe, haina shida.

Je lebo inasema kweli? Mimi niliazima mita ndogo ile ya kuchomeka kwenye soketi halafu unachomeka friji juu yake. Nikaanza na friji la zamani kabla halijaondoka, lilikuwa linakula kama yuniti 1.6 kwa siku, hiyo ni karibu 584 kwa mwaka. Friji mpya lebo 260, yaani kama 0.71 kwa siku, na mita imenionyesha kati ya 0.7 na 0.8 kutegemea joto la jiko. Nimeridhika. Vipimo vya maabara Ulaya vinafanywa kwenye nyuzi 16 na nyuzi 32, Marekani wanapima kwenye kama nyuzi 32 mlango umefungwa, kwa hiyo jiko lako likiwa na joto kuliko hapo, au friji umelibana ukutani halipumui nyuma, tegemea kuzidi lebo. Mimi nililisogeza mbele kidogo tu na nikalitoa karibu na jiko.

Kuna vitu havina lebo ya namna hii kabisa, kama pasi na birika. Hapo angalia wati zake chini, zidisha kwa saa unazotumia, gawanya kwa 1,000. Birika la wati 2,000 likiwaka dakika 10 kwa siku linakula yuniti 122 hivi kwa mwaka, karibu nusu ya friji yangu inayowaka usiku na mchana! Toka nione hiyo tunachemsha maji ya vikombe tunavyotaka tu.

Dada yangu sasa anatafuta friza, kanitumia picha za lebo tatu. Nimemwambia, "dada nitumie na picha ya kibati cha ndani kwa kila moja," tuhakikishe modeli kwanza ndio tupige hesabu. Mbili zimeshalingana, ya tatu muuzaji bado hajaituma.