Nilivyomudu kutembea hadi Pandharpur

Kila mwaka kati ya Juni na Julai, mvua zikishaanza magharibi mwa India, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo la Maharashtra hushika barabara kwa miguu kwenda Pandharpur, kwenye hekalu la mungu wa Kihindu aitwaye Vitthal. Safari hiyo huitwa wari, na anayeifanya ni warkari. Machela ya mtakatifu Dnyaneshwar hutoka Alandi, ya mtakatifu Tukaram hutoka Dehu, miji miwili midogo iliyo jirani na jiji la Pune. Ndani ya machela hakuna sanamu. Kuna paduka, nyayo za fedha zinazosimama badala ya mtakatifu mwenyewe, na gari linalozibeba hukokotwa na ng'ombe. Njia ya Alandi ina kilometa kama 250, huchukua wiki tatu hivi, na haina ruhusa ya kuchelewa: lazima watu wawe Pandharpur siku ya Ashadhi Ekadashi, yaani siku ya 11 ya nusu angavu ya mwezi wa Ashadh.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma, Mwanglikana, na wakati huo nilikuwa nasoma famasia Pune. Niliitembea njia ya Dnyaneshwar kuanzia Pune hadi mwisho, kipindi tulichokuwa tunasubiri matokeo ya mtihani. Wenzangu wengi, Watanzania na Wakenya tuliosoma nao kule, bado wananiuliza niliwezaje. Nawajibu hapa.

Kwanza, sikwenda peke yangu. Barabara ni ya wote na hakuna atakayekufukuza, lakini ukienda kivyako utalala wapi, utakula nini, na begi utalibeba mpaka lini? Mahujaji hutembea kwa vikundi vinavyoitwa dindi. Kila dindi ina namba, na ukiijua namba unajua kama inatembea mbele ya gari la machela au nyuma yake, na ni ya ngapi. Ina lori la mahema na mizigo, ina wapishi, na kila mtu huchangia fedha ya chakula kabla ya kuondoka. Mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye mtaa mzima tulimwita Kaku, ndiye aliyenipeleka kwa kiongozi wa dindi ya kijiji alikozaliwa. Mzee yule, ambaye wote walimwita Maharaj kwa heshima, alianza kunitazama miguu kabla ya uso.

"Utatembea, au utapiga picha?"

"Nitatembea, Maharaj."

"Basi nunua nailoni ya mvua. Na nyama usile, pombe usiguse, mpaka tufike."

Dini yangu hakuiuliza siku ile. Aliiuliza siku nyingi baadaye, tukinywa chai, na nilipomjibu alitaka kujua tu kama na sisi tuna nyimbo za kutembelea.

Maandalizi yangu yalikuwa ya kawaida. Alfajiri nilipanda na kushuka kilima cha Parvati, chenye ngazi 103 hadi kwenye hekalu la juu, mpaka nikaacha kuhema. Viatu vya michezo niliviacha chumbani. Mvua ya kule inanyesha, inakatika, inanyesha tena. Kiatu kilichofungwa kinageuka bwawa na soksi mbichi ndiyo mama wa malengelenge. Nilivaa sandali za wazi nilizozizoea tangu mwaka uliotangulia, nikajipaka mafuta mazito kati ya vidole na mapajani kila asubuhi. Nguo zilikuwa suruali pana za pamba na kanzu fupi, zinazokauka juu ya mwili. Begi langu liliandikwa jina kwa rangi nyeupe na kutupwa kwenye lori, na mkononi nikabaki na chupa ya maji na kanga.

Kutoka Pune hadi Saswad ndiyo siku inayopima watu. Ni kama kilometa 30, na katikati yake kuna mlima wa Dive Ghat, ambako hata gari la machela huongezewa jozi za ng'ombe ili lipande. Ukiwa chini unaona barabara yote inayojikunja juu yako imejaa kofia nyeupe na bendera za rangi ya zafarani. Nilikuwa natembea pembeni, kwa mwendo wangu, mara mbele mara nyuma, na kabla ya mlima wenyewe miguu ilishaanza kulalamika. Maharaj akanionyesha kwa kidole: ingia kwenye mstari.

Mstari wa dindi una mpangilio. Mbele wako wenye bendera, wakifuatiwa na wapiga matoazi, mpiga ngoma ya mridang, na yule anayebeba kinanda cha nyuzi kiitwacho veena, ambacho hakiwekwi chini njia nzima. Nyuma ni wanawake, na baadhi yao hubeba kichwani chungu kilichooteshwa tulsi, ule mrehani mtakatifu ulio jamaa ya kivumbasi. Wimbo ukianza, hatua zote zinafuata matoazi. Huchagui mwendo na wala huhangaiki kuuchagua. Kwangu mimi hiyo ilikuwa nusu ya ushindi: mwenye mwendo wake mwenyewe huhesabu kilometa, mwenye mstari husubiri ubeti unaofuata.

Katikati ya mlima mama mmoja alishindwa na shingo. Alikuwa akishikilia chungu cha tulsi kwa mikono miwili. Nikavua kanga, nikaizungusha ngata, nikakitua kichwani na kuachia mikono. Wanawake wakapiga kelele kuliko matoazi. Si kwamba wao hawabebi kichwani, wanabeba sana. Kilichowafurahisha ni Mwafrika, tena msomi wa Pune, kujua kazi hiyo. Tangu hapo chungu kile kilikuwa zamu yangu mchana, na sikuwa mgeni tena. Nilikuwa Mauli, yaani mama, kama walivyoitana wote, wanaume kwa wanawake, maana ndilo jina wanalompa Dnyaneshwar. Polisi wa barabarani anaitwa Mauli. Muuza ndizi ni Mauli. Anayekukanyaga ni Mauli pia, na atainama kugusa miguu yako kabla hujakasirika.

Aliyenilea njia nzima alikuwa bibi mmoja niliyemwita Aaji. Alikuwa anatembea pekupeku na hajui kusoma, lakini Haripath, zile tungo za Dnyaneshwar zinazosomwa kila jioni, alizitoa kichwani bila kukwama. Kimarathi changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo alinisimulia polepole, kwa mikono.

Dnyaneshwar, alisema, alizaliwa mwaka 1275. Baba yake alikuwa ameacha mke akaenda Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, kuwa mtawa. Mwalimu wake alipogundua kuna mke nyumbani, akamrudisha. Mtawa aliyerudi kuzaa watoto! Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, wa Alandi wakaitenga familia, na mwisho wazazi wakajitosa mtoni wakiambiwa hakuna toba nyingine. Watoto wanne, Nivrutti, Dnyaneshwar, Sopan na binti mdogo Muktabai, wakaenda mji wa Paithan kuomba cheti cha kutakaswa. Wakuu wakawacheka. Palikuwa na nyati wa kufugwa anapita, Dnyaneshwar akamwekea mkono kichwani, na nyati akaanza kukariri Veda, maandiko matakatifu ya kale. Mwaka 1290, akiwa kijana mdogo kabisa, alimaliza kukifafanua kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita kwa beti za Kimarathi, lugha ya jikoni na shambani, mambo ambayo wakati ule yalikuwa ya Kisanskriti na ya wale waliokijua. Mwaka 1296, akiwa na miaka 21, aliingia kaburini Alandi akiwa hai, katika tafakuri, na warkari huamini yumo mpaka leo.

Saswad, tulikolala usiku ule, ndipo kaburi la Sopan lilipo, kwa hiyo hadithi hiyo ilikuja mahali pake. Ile ya Muktabai ilikuja jikoni. Alitaka kuoka mikate mitamu iitwayo mande, lakini mwenye chuki na familia alikataza wafinyanzi wasimpe kikaango. Dnyaneshwar akawasha joto lake la ndani, mgongo ukawa mwekundu, akamwambia dada yake, okea hapa. Aaji alisimulia hili huku akipiga kwa kiganja bhakri, mkate wa bapa, ya uwele, na mimi nikicheka kwa sababu nyingine: niliondoka Dodoma nikidhani uwele nimeuaga, kumbe nimeufuata. Bhakri na pithla, rojo ya unga wa dengu yenye pilipili, ndiyo iliyonifikisha. Wali peke yake haukai tumboni hadi saa nane mchana.

Siku ilikuwa inaanza saa tisa usiku. Tulioga kwenye malori ya maji, wanawake nyuma ya sari zilizofungwa kwenye vijiti, na aliyelala mpaka saa kumi na moja aliikosa nafasi hiyo. Vyoo vya kuhamishika vilikuwepo, ila foleni zake ni afadhali kuziwahi gizani. Njiani hakuna anayekufa njaa: wanavijiji wanagawa chai, ndizi na vitumbua vya nafaka barabarani, mafundi viatu wanashona bure, vijana wanakanda miguu ya wazee bure. Nami jioni nikawa naosha na kufunga malengelenge ya watu kwa pamba na dawa nilizobeba. Sheria yangu ilikuwa moja: lengelenge lisilopasuka liache.

Jejuri ni mji wa Khandoba, mungu shujaa wa wafugaji, na kilima chake chote ni cha njano kwa unga wa manjano unaorushwa. Nilikiona kutoka chini. Miguu haikutaka ngazi za ziada siku ile.

Kwenye mto Nira paduka ziliogeshwa. Karibu na hapo, baada ya Lonand, mahali paitwapo Chandobacha Limb, tuliona ringan ya kwanza. Umati unagawanyika pande mbili na kuacha njia. Farasi wawili wanaachiwa: mmoja ana mpanda farasi mwenye bendera, mwingine mgongo wake ni mtupu, maana anayempanda ni Dnyaneshwar mwenyewe. Wanapita kama upepo, na hapo hapo watu wanaangukia vumbi la kwato kulipaka kwenye paji la uso. Kaa mbali na kamba, shika mkono wa mtu, na usiiname wa kwanza. Huu si ushauri wa kiroho.

Velapur kuna mteremko ambao mtu hatembei, anakimbia. Inasimuliwa kwamba Tukaram, yule muuza duka wa Dehu wa karne ya 17, alipofika pale aliona kilele cha hekalu la Pandharpur akashindwa kujizuia. Dindi zote hukimbia, wazee kwa vijana. Chungu cha tulsi nilimpa kijana. Shingo yangu haina bima.

Ninachokipenda kwa watakatifu hawa ni kazi zao. Namdev fundi cherehani, Gora mfinyanzi, Savata mtunza bustani, Janabai mtumishi wa ndani ambaye, kwa nyimbo zake mwenyewe, mungu alimsaidia kusaga nafaka. Na Chokhamela, wa tabaka la Mahar lililohesabiwa najisi, aliyekatazwa kuingia hekaluni maisha yake yote. Alikufa akifanya kazi ya ujenzi Mangalvedha, ukuta ulipowaangukia vibarua. Namdev alikwenda kutafuta mifupa yake, akaitambua kwa kuitegea sikio: ile iliyotoa sauti ya "Vitthal" ndiyo yake. Akaizika mbele ya lango la hekalu. Wimbo wa Chokhamela ulikuwa ukiimbwa njia nzima, lakini lango lile halikufunguliwa kwa watu wa tabaka lake hadi 1947, baada ya mwalimu na mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula akidai waruhusiwe. Niliwauliza wanawake wenzangu habari hizi. Wengine walinieleza bila kuficha, wengine wakabadilisha wimbo.

Wakhri, hatua ya mwisho, machela kutoka pande zote za Maharashtra zinakutana, na kesho yake ukaingia Pandharpur huoni ardhi. Sanamu ya Vitthal imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Sababu yake ni Pundalik. Alikuwa akiwahudumia wazazi wake mungu alipobisha hodi, naye hakuinuka. Alirusha tofali nje akamwambia asimame juu yake asiloane, asubiri. Mungu akasubiri, na anasubiri hadi leo.

Foleni ya kuingia kumgusa miguu ilikuwa ya saa nyingi sana, usiku kucha na zaidi. Sikuipanga. Imani yangu ni nyingine, na nafasi ile niliona ni ya mtu aliyeitembelea. Cha kushangaza, Aaji naye hakupanga. Alioga mto Chandrabhaga, akagusa ngazi ya Namdev na kaburi la Chokhamela, akatazama kilele cha hekalu, akasema ameshaonana naye. Kumbe wengi hufanya hivyo. Siku ya Ekadashi tulifunga, kama kula sago ya kukaanga na karanga kunaitwa kufunga, na kesho yake tukala puran poli, mikate mitamu ya dengu, mpaka tukalala.

Anayetaka kuonja bila kujitoa mzima, njia ipo. Watu wengi wa Pune hutembea siku ile moja tu ya Saswad na kurudi jioni kwa basi. Kuna pia wari ya mwezi wa Kartik, Oktoba au Novemba, mvua zikiwa zimekwisha na matope yamekauka. Kurudi kutoka Pandharpur, usiende kituo cha basi siku ya Ekadashi yenyewe. Subiri usiku ule upite, mabasi ya ziada ya serikali huwa yapo, na mlangoni hakuna Mauli atakayekuachia kiti.