Bega la kulia

Asubuhi jirani alikuwa barazani akimkanda mwanawe mguu kwa mafuta ya karafuu. Harufu ilipoingia dirishani nikajikuta nimeshika bega.

Siku ile tulitoka Mombasa mchana, mayai yangu 11 ya uzazi yameshatolewa kliniki, na furaha yangu haina pa kukaa. Nusukaputi, sindano inayopitia ukeni hadi kwenye ovari, kiungo kinachotunza mayai, huku daktari akiifuata kwa altrasaundi, na kwisha. Magharibi tukawa nyumbani Malindi.

Usiku bega likaanza. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini kujaa niliambiwa ni kawaida. Mama akasema nimelalia vibaya garini. Akaja na chupa yake ya karafuu, akaketi nyuma yangu kitandani, akanikanda. Gumba linazama chini ya shingo, linashuka, linarudi, na yeye anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Nikilala chali, bega linachoma. Nikikaa, nafuu kidogo. "Ni mshipa tu, mwanangu." Kisha gumba likasita. Akaniinua kidevu kwenye taa, akanivuta kope la chini. "Mbona mweupe hivi?" Nikainuka nimjibu, miguu ikakataa.

Hospitali, altrasaundi, kutia sahihi, upasuaji. Ovari ilikuwa ikivuja tangu ilipodungwa. Tumboni mlikuwa na damu lita moja na nusu. Damu ikifika kwenye kiwambo kilicho chini ya mapafu hukisumbua, na neva ya kiwambo hicho yatoka shingoni, ndiyo sababu maumivu husikika begani. Daktari alisema wanaofikwa na haya hawatimii hata mmoja katika mia.

Karatasi niliyopewa kliniki ilitaja homa, kutapika, na damu kutoka ukeni. Bega halikuwamo. Dada zangu mnaongojea siku ya kutolewa mayai, bega likiuma na kichwa kinazunguka, msingoje kukuche. Semeni mmetolewa mayai, semeni na saa.

Mama bado hujilaumu. Asema alikanda saa nzima badala ya kuita gari. Mimi naona bila mkono wake ningemeza dawa ya maumivu nikalala, na sijui ningeamka vipi. Tumelizungumza mara nyingi, mara nyingine hadi machozi, na hatujakubaliana.