Ukishapandikiza nywele kazi ndo inaanza: nilivyojiuguza hapa Mtwara

Toka niweke wazi kwamba nilipandikiza nywele za mbele na za pembeni, meseji zinazoingia karibu zote zinauliza bei. Bei ni muhimu sijakataa, ila mi naona swali kubwa ni nani atakumwagia maji kichwani kila asubuhi, utalalaje, na utajikingaje na jua na vumbi la huku kwetu. Daktari kazi yake ni ya siku moja, masaa sita mpaka nane hivi umelazwa kwenye kiti, iliyobaki yote ni yako na watu wa nyumbani kwako, na huko ndo vipandikizi vinashika au vinapotea.

Kwa wageni wa hapa nieleze kidogo. Mi nimesukwa toka mdogo, twende kilioni, yebo yebo, rasta za kuvutwa mpaka nyusi zinapanda, juu yake kile kikofia cha ndani cha kubana halafu mtandio. Ndivyo tulivyolelewa wengi huku Kusini, hakuna aliyekuwa anajua kwamba nywele ikivutwa miaka na miaka mzizi unakufa. Pembeni kukaanza kunyonyoka taratibu, mafuta ya nyonyo yakapakwa, kitunguu kikapakwa, mwisho ngozi ikabaki laini inang'aa na vile vishimo vya nywele havionekani tena. Ngozi ikishafika hapo hakuna mafuta yanayorudisha kitu jamani, wanaowauzia vichupa wanawadanganya.

Nilifanyia Istanbul kwa njia ya FUE, yaani mizizi inatolewa mmoja mmoja kisogoni afu inapandwa mbele, na kipandikizi kimoja kinakuwa na unywele 1 mpaka 4, vile vya unywele mmoja ndo vinawekwa mstari wa mbele kabisa ili paji lionekane la kuzaliwa nalo. Kwa sisi wanawake hawanyoi kichwa chote, wananyoa kipande tu kisogoni na nywele za juu zinakuja kukifunika. Kitu kilichonifanya nimuamini daktari ni kwamba kabla ya kuongea chochote alishika masikio yangu akaangalia matundu ya hereni, nyuma na mbele, kuona kama yameota kovu nene, maana ngozi zetu nyingi zina keloidi na mtu wa keloidi inabidi afikiriwe mara mbili. Afu nywele zetu za kipilipili zimejikunja mpaka huko chini ya ngozi, asiyezizoea anazikata mizizi wakati wa kuzitoa, kwa hiyo uliza ameshafanya vichwa vya Waafrika vingapi na akuonyeshe picha. Na kama wewe nywele zinaanza kunyonyoka utosini na upara unasambaa kuzunguka, kunawasha, kunauma ukigusa, hilo ni tatizo lingine kabisa, mara nyingi ni ugonjwa unaoacha makovu ndani kwa ndani na ukipandikiza wakati bado unawaka vipandikizi navyo vinaliwa. Anza na daktari wa ngozi.

Haya, kulala. Siku za mwanzo, tuseme tano mpaka wiki, unalala kichwa kimeinuka, nusu umekaa, na ule mto wa shingoni wa kusafiria unakaa nao ili kichwa kisigeuke usingizini. Hiyo inasaidia uvimbe na inazuia pale mbele pasiguse kitu. Sasa kitu ambacho karatasi ya kliniki haikuandika ni chandarua. Hapa kwetu hulali bila chandarua, malaria haina huruma, na ukiwa umekaa nusu kichwa kinafika juu kabisa kule neti inapobana, ukigeuka tu inakupitia kwenye paji. Mume wangu alikipandisha chandarua akafunga kamba nne kwenye pembe za dari kikawa pana kama chumba, bila hivo sijui ingekuwaje. Fanyeni hiyo kazi kabla hamjasafiri.

Siku hizo hizo za mwanzo unapuliza maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, kwa kichupa cha sprei, kila nusu saa au lisaa ukiwa macho, ili magamba ya vidonda yasikauke yakawa magumu. Kuna dada aliniuliza kama anaweza kuchota bahari Shangani akapulizia. Hapana kabisa, bahari ina uchafu na wadudu na chumvi yake ni kali mno kwa kidonda, bahari kaa nayo mbali kama mwezi mzima, kuogelea pia hakuna.

Kuosha ndo sehemu niliyoiogopa na ndo ninayotaka mwielewe vizuri. Kwa kawaida mara ya kwanza wanakuosha wenyewe kliniki, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi, unaangalia kwa makini maana ukifika nyumbani ni zamu yako. Unapaka povu au losheni waliyokupa kwa kuiweka tu juu, husugui, inakaa kama dakika 20 au 30 inalainisha, afu unamwagiwa maji ya uvuguvugu taratibu. Hapa sisi wa kuoga kwa kopo tuna bahati kuliko wenye bomba la mvua, maana maji ya kasi yanaweza kung'oa kipandikizi siku hizo. Wifi yangu alikuwa anachemsha maji usiku yanapoa, asubuhi anayachanganya, anakata kucha kabisa kabla hajanigusa, afu anashika kopo karibu sana na kichwa, anaachia kamkondo kembamba kanatiririka kutoka utosini kuja mbele, mkono wake wa pili umeziba macho yangu. Kukausha ni hewa tu, taulo ilikuwa inagusa kisogo peke yake, tena kwa kubonyeza.

Kufika kama siku ya tisa au ya kumi vipandikizi vinakuwa vimeshika, hapo sasa unaruhusiwa kulainisha magamba na kuyazungushia ncha ya kidole mpaka yatoke, na kwa wiki mbili hivi kichwa kinakuwa kisafi. Kabla ya hapo ukiwashwa usikune. Kutawasha, tena kutawasha vibaya, puliza maji, simama kwenye feni, ongea na mtu, ila mkono usipande.

Uvimbe nao mjiandae. Yale maji ya ganzi yanashuka kutoka kichwani yanakuja kwenye paji, yanafika machoni, kawaida siku ya tatu mpaka ya tano, mi nilivimba macho yakabaki mistari na majirani wakaanza kumwangalia mume wangu kwa jicho lingine, ikabidi mama aende nyumba kwa nyumba kueleza. Hauumi sana na unaondoka wenyewe. Maumivu ya kisogo ni panado tu, mi niliambiwa nisiguse diklopa wala aspirini bila kuuliza kwa ajili ya damu, na dawa zao za kuzuia maambukizi nikamaliza zote.

Sala ndo ilinisumbua moyo. Ukiinama damu inakimbilia kichwani, na sijda unaweka paji chini, yaani pale pale kwenye mstari mpya. Daktari wa kule aliniambia nisiiname, basi. Hakujua ninasali mara ngapi kwa siku. Nyumbani mama akamuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akasema mgonjwa anasali anavyoweza, kaa kwenye kiti, rukuu kwa ishara na sijda kwa ishara iwe chini kidogo ya rukuu. Kufunika kichwa nilikuwa nachukua kanga ya kotoni iliyofuliwa ikalainika, naianzia utosini kurudi nyuma, mbele naacha wazi kwa zile siku chache. Nilikaa ndani, sikutoka bila sababu. Mtandio wenyewe nilirudi nao baada ya magamba kutoka, wa kotoni, umelegea, na kile kikofia cha kubana sijakirudisha mpaka leo na sitakirudisha.

Nilichagua kufanya kipindi cha kipupwe na nawashauri hivo hivo. Disemba mpaka Machi Mtwara unatoka jasho umekaa tu, na jasho kwenye kidonda linawasha na kuleta vipele. Ila kipupwe nacho kina lake huku, ndo msimu wa salfa mashambani. Mkwe wangu ana mikorosho upande wa Nanyamba na anayejua korosho anajua, wakianza kupuliza ule unga wa njano kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, hewa yote inakuwa salfa, inawasha macho, kifua, ngozi, sembuse kichwa chenye matundu mapya mia kadhaa. Kwa hiyo shamba nilikataa mwaka huo na mkwe alielewa. Kama unaishi Tandahimba au Newala katikati ya mikorosho, tafuta ndugu mjini akupokee wiki mbili tatu.

Usafiri pia. Basi la Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 500, kichwa kinagonga siti njia nzima, kama uwezo upo panda ndege kwa safari hii moja. Mjini bodaboda hapana, ile helmeti imevaliwa na watu wote wa stendi. Bajaji ni sawa ila angalia lile bomba la juu pale unapoingilia, watu wengi wanaligonga kwa paji bila hata kuwa na kidonda, mi nilikuwa naingia nimeweka kiganja changu kwenye bomba kwanza. Jua la moja kwa moja nalo usilipe nafasi miezi kadhaa ya mwanzo, tembea na mwavuli, nani atakushangaa. Mazoezi mazito na kubeba ndoo kichwani subiri, ndoo hasa jamani, mwezi na zaidi na bora uulize. Kaka zangu wa sigara na shisha, moshi unabana mishipa ya damu na vipandikizi vinaishi kwa damu hiyo hiyo.

Sasa tufike pale watu wanapovunjika moyo. Kuanzia wiki ya pili mpaka kama ya nane zile nywele zilizopandwa zinadondoka. Karibu zote. Unaamka asubuhi unazikuta kwenye foronya, fupi fupi, na unarudi kwenye upara ule ule uliolipia pesa kuuondoa, wakati mwingine na nywele zako za zamani za jirani zinadondoka nazo kwa mshtuko. Niliambiwa mapema na bado nililia. Kinachodondoka ni unywele, mzizi umebaki chini umepumzika, kama kijiti cha muhogo ulichokichomeka ardhini kikakaa kikavu siku kadhaa kabla ya jani. Zinaanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba na zimejisokota vibaya, mwezi wa sita unaona kama nusu, mwaka ndo unaona kazi yenyewe, na kwa waliopandikiza utosini inaweza kufika miezi 18. Katikati hapo watu watakuambia umeibiwa. Shangazi yangu mwenyewe aliniambia, kwa upendo kabisa, akaniletea mafuta ya nazi na habasoda nipake. Nilimpokea, nikamwambia nitapaka daktari akiruhusu. Msipake vitu kwenye ngozi ambayo haijafunga, hata viwe vya asili.

Ngozi ya kisogo na ya juu itakuwa na ganzi miezi kadhaa, unagusa kama siyo yako, inarudi taratibu. Vipele vidogo vidogo wakati nywele zinachomoza ni kawaida, kitambaa cha maji ya moto kiasi kinatosha, usivitumbue. Lakini homa, usaha, harufu, wekundu unaosambaa, au sehemu ya ngozi inakuwa nyeusi, usimtumie picha daktari wa Uturuki ukasubiri ajibu kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo, Ligula ipo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo pale Mitengo, waambie ukweli umefanya nini ili wakusaidie. Pima na damu pia, upungufu wa madini ya chuma unadondosha nywele za mtu bila kujali alipandikiza wapi. Minoxidil, ile dawa ya kuotesha nywele, ni ya kuanza daktari akisema, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiiguse.

Mi sasa hivi mbele kumejaa, siyo kama za binti wa miaka 16 ila nikivua mtandio mbele ya kioo naliona paji langu. Na mizizi hii mipya inavutika ikafa kama ile ya kwanza, haina kinga yoyote ya rasta. Ndo maana sikusuka kabisa karibu mwaka, wala wigi la gundi. Dada anayenisuka pale sokoni tulikaa chini tukakubaliana, mistari minene, nywele tupu bila kuongeza rasta, anaanzia nyuma ya mstari wa mbele na zile za pembeni anaziacha nje, na binti yangu naye anasukwa hivo hivo hata akilia anataka za wenzake. Ukitoka kusukwa ukaona vipele vyeupe pembezoni au huwezi kulalia ubavu usiku, zifumue usiku huo huo, hata kama umeshalipa.