Stoo ya chini, koga na uniti za stima

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zina chumba cha chini kisichoona jua. Viatu vinaota koga, vitabu vinajikunja, na wa kwanza kulaumiwa ni bahari. Watu wananunua mashine ya kukausha hewa, tokeni zinaisha, na ukuta bado umelowa.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata nailoni nzito, sentimita 50 kwa 50. Piga ukuta brashi, kisha ibandike kwa selotepu pana pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili. Matone yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanapanda kutoka ardhini au bomba linavuja. Ikilowa upande wako, unyevu ni wa hewa. Pima na sakafu vilevile.

Maji ya ukutani hayatibiwi kwa stima. Mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na wazee walijengea chokaa ili ukuta upumue. Ukifunika kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inasukuma rangi hadi itoke magamba. Bandua saruji mpaka sentimita 30 juu ya alama ya maji. Piga plasta ya chokaa debe 1 kwa mchanga madebe 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, umalizie kwa kupaka chokaa. Mchanga wa ufuoni usiutie kabisa, chumvi yake huvuta unyevu miaka yote. Na tafadhali, fundi asichanganye saruji eti ishike haraka. Chokaa inataka subira na kunyunyiziwa maji siku za mwanzo.

Unyevu wa hewa nao una hesabu yake. Saa nane mchana nje ni nyuzi 32, kipima unyevu kinasoma asilimia 62. Unaona hewa kavu, unafungua madirisha. Hewa hiyo hiyo ikipoa ndani ya stoo yenye nyuzi 27, kipimo kinapanda hadi 83 hivi. Ndiyo maana sakafu, ikiwa baridi zaidi ya hewa ya stoo, hutoka jasho siku ya jua kali! Funga mchana, fungua alfajiri, nje kukiwa na baridi kuliko ndani. Nguo mbichi zisianikwe humo.

Mvua za mwaka zikishika, alfajiri peke yake haitoshi. Mashine ya wati 300 ikizunguka usiku na mchana hula uniti 216 kwa mwezi, na wastani wako wa mwezi ukipita uniti 100 unahamia bei ya juu. Iweke kwenye unyevu wa asilimia 65, ijizime yenyewe, milango imefungwa, na uoshe chujio kila wiki mbili.

Kwa nyumba nyingi, bora kukausha kabati kuliko chumba kizima. Balbu ya wati 25 chini ya kabati la mlango mmoja hula uniti 18 kwa mwezi. Joto likipanda nyuzi 2 tu, kipimo kinashuka kutoka 75 hadi karibu 67, na koga inaishiwa nguvu. Toboa matundu machache juu na chini, vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani, na uizungushie balbu wavu wa chuma ili nguo isiiguse.