Kinachoelea na kinachozama: siku yangu moja bandani Mikindani

Saa 11 alfajiri

Harufu inaniamsha kabla ya adhana. Jirani yangu anawahi kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya vitumbua vyake, na kiwashio chake ni nailoni. Nikiwa bado kitandani huwa najua ni plastiki ya aina gani inayoungua. Mfuko laini wa polithilini hunuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, kwa sababu nta ya mshumaa na polithilini ni mnyororo uleule wa kaboni na haidrojeni, zinatofautiana urefu tu. Leo harufu si ya mshumaa. Inachoma pua na koo linawasha. Kuna kitu chenye klorini kimeingia jikoni mle, pengine kipande cha bomba la maji au ganda la waya. Nafunga dirisha, maana mwanangu wa pili ana pumu.

Mimi nilisoma kemia, nikafundisha sekondari miaka michache, na sasa nina banda la kununua plastiki hapa Mikindani, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Tunanunua, tunatenganisha, tunaosha, tunasaga, tunasafirisha. Watu wakiniuliza kazi yangu huwa wanatarajia niseme ni kuokota makopo. Nusu yake ni hiyo. Nusu ya pili ni kujua kila kimoja ni kitu gani.

Saa 1 asubuhi

Ni Julai, kusi linavuma, na wiki hii ni bamvua. Maji yameanza kupwa na alama ya maji ya usiku bado mbichi mchangani, mstari mrefu wa majani ya bahari uliochanganyika na chupa, vifuniko na kandambili. Kinamama wanaoniletea mzigo wameshafika. Wanajua kwamba bamvua likiondoka ndilo linaloacha vingi.

Si zote za kwetu. Nashika chupa yenye maandishi ya Kiasia, imeota chaza wadogo shingoni. Mkondo unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huja kupiga pwani hii ya kusini, kisha hugawanyika, sehemu ikaenda kaskazini na sehemu ikashuka Msumbiji. Lakini mifuko ya maji ya kandoro na vikopo vya mtindi vilivyonasa kwenye mizizi ya mikoko, hivyo ni vya kwetu kabisa. Vimeteremshwa na mifereji ya mjini wakati wa masika na mpaka leo havijatoka.

Angalia vinavyoelea na visivyoelea. Vifuniko viko juu ya mchanga, mamia. Chupa zenyewe huja tu zikiwa zimefungwa, zina hewa. Chupa iliyofunguka huzama, ikakaa huko chini kwenye nyasi za bahari, nasi hatuioni. Ndiyo maana mtu anayehesabu uchafu wa ufukweni amehesabu upande mmoja tu.

Saa 2 na nusu

Mzani umetundikwa mwembeni na foleni ipo. Bibi mmoja kaleta mifuko mbadala, ile tuliyoanza kubebea sokoni baada ya rambo kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Ananiambia, "Hii ni kitambaa, mwanangu, nimekuletea tu ufungie mizigo." Namwomba aguse. Inafanana na kitambaa kwelikweli, lakini ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto. Ni plastiki ileile ya viroba vya mchele. Inadumu zaidi ya rambo na mtu huitumia mara nyingi, hilo ni jema, ila ikitupwa haiozi. Bibi ameshtuka, amenitazama kama nimemwambia kanga yake si pamba.

Kisha akaja mtoto wa miaka kama kumi na dumu la lita tano.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Dumu hilo lilikuwa la nini?"

"Dawa ya mikorosho. Mama kaliosha kwa sabuni mara tatu, alitaka kuwekea maji ya kunywa. Baba kasema bora tuuze."

Baba yake kaniokolea familia bila kujua. Dumu ni polithilini nzito, namba 2 kwenye pembetatu, na polithilini ni hidrokaboni sawa na petroli na dizeli, ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo haviishii kugusana juu kwa juu. Kiyeyushio cha jamii hiyohiyo kilichomo kwenye dawa nyingi za majimaji hupenya ndani ya ukuta wa dumu, kikabeba na dawa, halafu taratibu hutoka tena kuingia kwenye chochote utakachoweka. Sabuni inasafisha uso wa dumu, haifiki ndani ya ukuta. Ukitaka kuamini, nusa dumu lililowahi kubeba petroli, hata baada ya kuoshwa. Bado linanuka.

Nimemweleza mtoto kwa maneno yake: dumu limekunywa dawa. Amecheka, kisha akanyamaza akiwaza. Nikalipiga msumari matundu manne mbele yake ili asije mtu akalitamani, nikamlipa bei ileile ya dumu safi. Nikimpunja, lijalo litabaki nyumbani. Madumu ya dawa sisagi. Yanakaa peke yake nyuma ya banda mpaka nimrudishie muuza pembejeo aliyekubali kuyapokea. Nimemtuma kwa mama yake aseme hivi: dawa ikiisha, maji yaingie hapohapo kabla haijakauka, litikiswe, maji yamiminwe kwenye bomba la kupulizia, mara tatu, kisha litobolewe. Maji ya kunywa yasiingie humo kamwe.

Saa 4

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwenye beseni.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita nzima ya plastiki ya chupa za maji, PET, ingekuwa na kilo 1.38. Polithilini haifiki kilo moja, na polipropilini ni nyepesi zaidi, kama kilo 0.9. Kwa hiyo ukimimina chenga za chupa zilizosagwa pamoja na vifuniko vyake, ukakoroga, maji yanakutenganishia bure. Bluu, nyekundu na nyeupe za vifuniko hupanda juu zikaelea kama maua, na chenga angavu za chupa hutua chini. Bi Mkubwa anayefanya kazi na mimi anaziengua kwa chujio la tui. Hajasoma darasa lolote, lakini mkono wake umeshajua.

Taabu ni kwamba PVC, plastiki ya mabomba yenye klorini, nayo huzama. Ina uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 kwa lita, palepale ilipo PET, na kwa macho zote ni angavu. Mwaka jana hilo liliniumiza. Nilipeleka mzigo Dar es Salaam, mnunuzi akauyeyusha kidogo kuujaribu, ukatoka na rangi ya chai yenye vidoa vyeusi. Akaukataa wote. PET inahitaji joto la kama nyuzi 260 ili iyeyuke. PVC kabla haijafika huko imeshaanza kuvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo inaikatakata minyororo ya PET. Vipande vichache tu vinatosha kuharibu gunia. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepokea chupa angavu za mafuta ya nywele bila kuzipima, na lebo za kubana, ambazo nyingine ni za PVC, sikuzivua.

Tangu siku hiyo nina waya wa shaba wenye mpini wa mti. Naupasha kwenye kijinga cha moto hadi uwe mwekundu na moto wake usiwe na kijani chochote, naugusisha kwenye chupa ninayoitilia shaka, kidogo tu uchukue ute, kisha naurudisha motoni. Moto ukibaki wa njano, ni salama. Ukiwa kijani, kijani cha jani la mgomba changa, kuna klorini. Jaribio hili ni la mkemia Beilstein, mwaka 1872, na mpaka leo linafanya kazi chini ya mwembe. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini, ndiyo maana haijifichi. Nalifanya nje, upande ambao upepo unatoka, kipande kisichozidi kucha, na watoto wakae mbali, maana hata moshi huo mdogo si wa kuvuta.

Leo nimepima chupa kumi na moja. Mbili zimetoa kijani.

Nikikumbuka ile harufu ya alfajiri, roho inanichoma. Kitu hikihiki chenye klorini kikiungua kwenye jiko dogo, joto lisilo la kutosha na hewa haba, huacha dioksini, sumu kali. Hizo hutua kwenye vumbi na majivu, zikaingia kwenye mafuta ya mwili wa kuku na mbuzi na kukaa miaka.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki. Kijana wa bodaboda anayekula nasi kaleta hoja yake ya kila siku: kwa nini sisi wenye gesi ya Mnazi Bay tununue plastiki kutoka nje?

Ni swali zuri na linastahili jibu la haki. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba linaipeleka Dar es Salaam kutoka kituo cha kusafishia gesi cha Madimba. Lakini gesi yetu karibu yote ni methani, yenye kaboni moja tu. Polithilini hutengenezwa kwa ethilini, yenye kaboni mbili, na viwanda huipata kwa kupasua ethani au nafta kwa joto kali. Gesi ya kwetu ina ethani kidogo mno. Faida yake iko kwengine: inafaa kuzalisha umeme, kupikia, kutengenezea mbolea ya urea, na moshi wake ni msafi kuliko wa mkaa au dizeli. Kijana akasema, "Basi tungepikia hiyo." Hapo nami niko naye. Nyumba zilizounganishwa ni chache, na jirani yangu wa vitumbua si mmojawapo.

Saa 9

Mkulima ameleta viroba vya salfa, kafunga kwenye baiskeli. Huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na asubuhi upepo ukitulia mashamba yote huwa na ukungu wa njano. Wengi hawajui kwamba salfa nyingi duniani leo hutolewa kwenye mafuta ghafi na gesi. Huondolewa ili dizeli ikiungua isitoe salfa dioksaidi, kisha huuzwa na kutufikia sisi kwa ajili ya korosho.

"Njomba, viroba vingine umefanyia nini?"

"Nilivichoma."

Nikamsihi asirudie. Kiroba chenye mabaki ya salfa ukikichoma unairudisha hewani ileile salfa dioksaidi iliyotolewa kwenye mafuta kwa gharama kubwa, tena unaivuta wewe mwenyewe. Kimoja kilikaa juani tangu mwaka jana. Nilikishika ukingoni nikakisugua kwa vidole viwili, kikageuka unga mweupe mkononi. Jua hukata minyororo ya polipropilini, na kiroba kisicho na kinga hakimalizi misimu mingi. Hakikuoza pale, kimegawanyika tu. Tangi jeusi la maji linadumu juani kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake, yanaukinga mwanga usipenye.

Saa 10 jioni

Lori la kurudi Dar limepita kuchukua magunia. Lita moja ya dizeli haifiki kilo moja, lakini ikiungua hutoa kilo kama 2.7 za kaboni dioksaidi, kwani kila kaboni hubeba oksijeni mbili kutoka hewani. Lori likiunguza lita 200 huacha zaidi ya kilo 500. Kwa hiyo sisafirishi makopo mazima, ni kusafirisha hewa. Nasaga, nashindilia, na nasubiri lori lililoleta bidhaa Mtwara na lingerudi tupu.

Saa 12 na robo

Nimepita kwa jirani na kikapu cha makumbi ya nazi makavu na vifuu. Sikumhubiria. Nilimwambia, "Dada, mwanangu alikohoa alfajiri, nimekuletea kiwashio." Akaingia ndani, akatoka na kipande cha bomba la kijivu kilichoungua ncha. Fundi alikibakisha walipojenga choo. "Ndicho hiki?" Ndicho. Nimekichukua. Tukakubaliana mtoto wake awe anapita bandani kila Ijumaa kuchukua makumbi.

Saa 1 usiku

Kazi ya mwisho naifanya mwenyewe. Maji tuliyooshea chenga hayamwagwi kabla hayajapita kwenye kitambaa, vipande viwili vya kitenge kizito nilivyovishona pamoja na kuvitandika juu ya pipa. Namimina polepole kwa ndoo. Yanatoka chini na weupe wa sabuni, nayo nayamwaga kwenye shimo la mchanga.

Nikimulika kwa simu, kitambaa kimebaki na vumbi la rangi: bluu, nyekundu, nyeupe, punje ndogo kuliko chumvi. Kuna nyingine ndogo zaidi ambazo kitenge hakizizuii, najua. Nakiacha kikauke kamba ya ndani, kisha nakikung'utia kwenye kopo la maziwa na kulifunga. Hili ni kopo la tatu tangu Januari. Yote matatu yako rafuni, juu ya mzani, yameandikwa tarehe, yanasubiri nipate mtu mwenye tanuru la kufaa kuyapokea.